Linaishia na Nini?

Katika nyumba ile, neno la Kiingereza halikuulizwa linaanzaje. Liliulizwa linaishia na nini. Chanzo chake ni Nesi, wakati huo hajawa nesi bado, ni msichana tu mwenye vitabu vingi na usingizi mwingi zaidi. Dada yake, fundi cherehani, alikuwa ameapa kwamba hakuna mtu atakayefeli chuo cha uuguzi chini ya paa lake maadamu yeye ana miguu ya kukanyagia cherehani na mdomo wa kuulizia maswali. Mama yao alifariki mapema. Dada ndiye aliyemlea mdogo wake, akamsuka, akamchapa, akamsomesha. Hata jina la Nesi alimpa yeye, zamani sana, chuo hakijafikiria kumpa cheti.

Kiingereza cha Dada kilikuwa cha kuombea maji. Lakini macho yake yalikuwa ya fundi, na fundi huangalia pindo. Siku moja alikifungua kitabu cha mdogo wake, akapekua kurasa mbili tatu, akasema, "Mbona haya maneno yameshonwa na mtu mmoja? Angalia, huku chini yote yanafanana." Tangu hapo kitabu kikawa kinaegemezwa kwenye cherehani, na Dada, pini zimejaa mdomoni, akawa anaita miisho kama mwalimu anayeita majina.

"-itis!"

"Tonsillitis, gastritis, arthritis," Nesi alijibu kutoka sakafuni, akishona vifungo. "Kitu kimevimba, kimewaka moto. Mara nyingi kinatulizwa kwa dawa."

"-ectomy!"

"Tonsillectomy, appendectomy, mastectomy. Kukata na kuondoa."

"-oma!"

"Lipoma, fibroma, carcinoma. Kitu kimeota mahali ambapo hakikualikwa."

"Vyote vibaya?"

"Vingine havina neno, Dada. Lipoma ni mafuta tu, mtu anazeeka nayo. Ila carcinoma ni saratani."

"Mungu apishie mbali. Hebu turudi kwenye -itis."

Dada aliipenda -itis kuliko miisho yote, akawa anaipachika kila mahali. Jirani aliyeshinda mlangoni akisema watu alikuwa na mdomoitis sugu. Yule wa ghorofa ya juu, ambaye pazia lake halikutulia hata dakika moja, alikuwa bingwa wa dirishaskopi, kwa kuwa -scopy ni kuchungulia. Mteja akileta gauni linalombana makwapani, Dada alishika mkasi na kutangaza, "Leo tunafanya mikonoektomi," na sebule nzima, ambayo ndiyo ilikuwa sehemu ya kushonea, ikaangua kicheko. Wateja wakazoea. Wakaanza kuleta maradhi yao pamoja na vitambaa, maana mwanamke aliyeinua mikono akipimwa kifua hana tena la kuficha, na fundi ambaye mdogo wake ni nesi si fundi wa hivi hivi. "Daktari kasema nina sijui nini," wangesema. "Linaishia na nini?" Dada angeuliza. Na alijibu vizuri, tusimsingizie. Asipojua, alimngoja Nesi arudi kutoka kazini.

Uvimbe wake mwenyewe aliugundua akijipima blauzi. Ulikuwa kwenye titi la kushoto, mgumu kama kifungo cha koti. Hakulia wala hakumwita jirani, alimwita Nesi. Nesi akampeleka kwenye hospitali anayofanyia kazi, sindano ikatoa kipande kidogo cha nyama, wakaambiwa wasubiri majibu. Dada akarudi kwenye cherehani. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na vitambaa vya sare vilikuwa vimerundikana mpaka kwenye kochi.

Pale hospitali kulikuwa na desturi ambayo kila mfanyakazi aliipenda: ndugu yake hapangi foleni ya majibu. Majibu yanamfuata mfanyakazi kwenye korido. Ndivyo Daktari wa upasuaji alivyomkuta Nesi akisukuma toroli la dawa nje ya wodi ya watoto, akamvuta pembeni.

"Pole, Nesi. Ni carcinoma."

Nesi alilishika toroli kwa mikono yote miwili, ingawa lilikuwa limeshasimama.

"Lakini tumewahi," Daktari aliendelea. "Uvimbe bado ni mdogo. Mlete wiki hii nimweleze, tupange siku ya upasuaji. Tusiuache ukue."

"Nitamweleza mimi."

"Una uhakika? Hiyo ni kazi yangu, naweza kuifanya."

"Ni dada yangu, Daktari. Haya maneno anayaelewa. Tumeyasoma pamoja."

Daktari alisita, lakini alikuwa na wagonjwa chungu nzima wanaomngoja, akakubali.

Wakati ule Nesi hakuwa na nia ya kudanganya, hilo nalo tuliseme. Njia nzima alijipanga. Atamketisha Dada chumbani, atafunga mlango, atamshika mikono, atalitaja neno lote, kisha ataeleza habari ya kuwahi. Aliyarudia hayo midomo ikimcheza, mpaka watu barabarani wakawa wanampisha.

Alichosahau ni kwamba Dada mchana hakuwa mtu wa kuketishwa chumbani. Alipofungua mlango alikuta sketi za bluu zimetundikwa kila penye msumari, akina mama wawili wanangoja kwenye kochi, na katikati ya chumba Msusi, mwenye saluni mtaa wa pili, amesimama ameinua mikono huku Dada akimzungushia futi ya kupimia kifuani. Dada alimwona mdogo wake, akamsoma uso, na bila shaka aliogopa, maana alicheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake.

"Haya, Nesi wangu! Umekuja na majibu au umekuja na njaa?"

"Tutaongea baadaye, Dada."

"Baadaye ya nini? Hawa ni watu wangu, nimeshawaambia yote." Kweli alikuwa amewaambia, Dada hakujaliwa siri. "Sema tu. Linaishia na nini?"

Wote wakamtazama Nesi. Dada alikuwa anatabasamu, lakini mkono ulioshika futi ulikuwa unatetemeka. Nesi hakuwahi kuuona mkono ule ukitetemeka, hata siku ya kumzika mama. Aliona akiuangalia sana ataanguka. Akafungua kinywa, akatoa mwisho ambao Dada aliupenda.

"-itis," alisema. "Ni mastitis tu, Dada. Uvimbe wa kawaida. Nitakuletea vidonge."

Dada alipiga kigelegele pini zikamwagika sakafuni. Mama mmoja pale kochini akasema alhamdulillahi, mwenzake akasema haleluya, wakakumbatiana kama wamezaliwa nyumba moja. Msusi akashusha mikono polepole, akauliza, "Kumbe uvimbe unaweza kuwa wa hivyo?" Nesi alikuwa ameshaingia jikoni, amefungua bomba, anayaacha maji yatiririke bure.

Alijipa moyo kwamba atasema kesho. Kesho akaona angoje sare ziishe, asije akamwangusha mtu katikati ya kazi. Sare zikaisha, watoto wakaingia shuleni wamenyooka, na Nesi akagundua kwamba sasa mambo yamekuwa magumu zaidi, kwa sababu hakuwa tena na habari mbaya peke yake. Alikuwa na habari mbaya na uongo juu yake. Vidonge alivileta kweli. Vilikuwa vitamini, rangi ya chungwa, ndani ya bahasha ya hospitali, na juu yake aliandika kwa mkono wake mwenyewe: asubuhi kimoja, jioni kimoja. Dada alivimeza kwa utii wa mtoto, na glasi nzima ya maji, huku akimtazama Nesi ili asifiwe.

Uvimbe haukuwa umesoma bahasha. Uliendelea na shughuli zake. "Naona kimekaza kidogo," Dada alisema siku moja akijipapasa. "Itakuwa dawa inapambana nacho." Nesi akasema ndiyo, inapambana. Halafu akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Daktari alipomuuliza kulikoni, alimwambia Dada amesafiri. Alipomuuliza tena, akasema huko alikokwenda kuna mgonjwa anayemuuguza. Aliyasema haya akimtazama usoni, na akajishangaa, yeye ambaye utotoni akiiba sukari alikuwa anakiri kabla hajaulizwa. Baadaye akaanza kupita korido ya nyuma, ile ya kupelekea mashuka machafu, ili wasikutane kabisa.

Kilichomuumiza kuliko vyote ni gauni. Dada alimshonea sare mpya ya kazi, nyeupe, kola imekaa sawasawa, mishono huioni mpaka uipindue. "Hii si ya duka," alimwambia akimfunga vifungo vya mgongoni. "Hii ni shukrani. Umenitoa kaburini." Nesi akaivaa. Angefanyaje? Wenzake wodini wakamgeuza huku na huku wakiisifia, naye akasema asante, asante, na moyoni akajiona mwizi aliyevikwa nguo na yule aliyemwibia. Siku hiyo alimdunga mtoto sindano akalia yeye kuliko mtoto. Msimamizi wa wodi akamwambia aende nyumbani akapumzike, na nyumbani ndiko ambako hakutaka kwenda. Dada angemwekea chakula, angemwekea kipande kikubwa, angemwuliza nani kamuudhi amwendee.

Jumamosi moja mchana, Dada akikata bitana mezani na Nesi akipiga pasi kola ya shati la mteja, Dada alisema bila kuinua macho, "Nesi, vile vidonge vimekwisha. Niletee vingine, tena vingi."

"Vimekwisha vipi? Vilikuwa vya kukufikisha mwisho wa mwezi."

"Nilimgawia Msusi."

Mkono wa Nesi ukasimama. "Umemgawia Msusi dawa zako?"

"Si naye anacho kama changu! Titi hilo hilo la kushoto, sema chake kiko juu kidogo. Nilikigusa mwenyewe nikimpima, siku ile ulipoleta majibu. Alikuwa ameandikiwa aende kutolewa kipande, maskini, halali, hali. Aliposikia ni -itis akanirudia jioni ile ile. Nikamwambia, mwenzangu, tulia, changu ndiyo hivyo, mdogo wangu kakitaja mbele yako, cha kwenda kuchomwa masindano ni nini? Basi hakwenda. Hofu yote imemtoka, hata mwili umeanza kurudi." Dada akacheka kwa furaha, mkasi ukiendelea kula kitambaa. "Umeona kazi ya kusoma? Umesoma wewe mmoja, tumepona wawili."

Harufu ya kuungua ikajaa chumbani. Dada akaruka, akainua pasi, akaanza kufoka habari ya shati la watu na akili za watu ziko wapi. Nesi akasimama akafokewa. Alitamani afokewe mpaka jua lizame.

Alijaribu kwanza mlango wa nyuma, kama ilivyo desturi ya waoga. Jioni hiyo alikwenda saluni, akamkuta Msusi peke yake, anafagia nywele za siku nzima. Msusi alikuwa mcheshi, ana mwanya, na sauti yake ilitangulia mbele yake popote alipokwenda.

"Nesi wetu! Kaa nikusuke, kichwa hicho kinatia huruma."

"Nimekuja kukuambia uende ukapimwe."

"Nipimwe nini tena? Si nameza dawa."

"Zile dawa ni za Dada. Kila mtu anapimwa kivyake. Chako huenda si -itis."

Msusi akaegemea ufagio. "Sikiliza, mdogo wangu. Siku ile nilisimama mikono juu nakutazama usoni. Nilikuwa nimeshajizika. Ukasema neno moja nikafufuka. Sasa unataka nife tena?"

"Nataka tuwe na uhakika."

"Dada yako yeye ana uhakika?"

Nesi akaokota kitana sakafuni, akakiweka mezani.

"Yeye akienda kupimwa tena, niite, tutakwenda naye. Yeye asipokwenda, mimi naenda kutafuta nini?" Macho ya Msusi yakapungua ucheshi. "Au kuna kitu unanificha?"

Sentensi moja tu ingetosha. Lakini angeisemaje kwa Msusi wakati Dada mwenye majibu bado anaimba nyumbani? Nesi akasema hapana, hakuna kitu. Alipofika barabarani akakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, akajifunika uso. Muda wote huo alikuwa amejiambia kwamba anamlinda Dada. Sasa alijiuliza vizuri alikuwa anamlinda nani. Alikuwa anajilinda mwenyewe. Hakutaka kuwa yeye aliyeufanya mkono ule utetemeke, na kwa ajili hiyo wanawake wawili walikuwa wanatembea na mauti kifuani, wanacheka.

Kesho yake asubuhi hakukuwa na mteja. Dada alikuwa anaitia cherehani mafuta. Nesi hakumketisha, hakumshika mikono. Mipango yote ya zamani ilikuwa imemtoka.

"Dada, haikuwa -itis."

Dada aliendelea kudondosha mafuta. "Nini hiyo haikuwa?"

"Uvimbe wako. Nilikudanganya. Ni carcinoma. Daktari aliniambia siku ile ile, akasema bado ni mapema, nikulete. Sikukuleta."

Dada akaiweka chupa ya mafuta chini, taratibu. Akachukua kitambaa chakavu, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Vidonge?"

"Vitamini."

"Na huyo Daktari unamwambiaje?"

"Kwamba umesafiri."

"Nimesafiri," Dada alirudia. Akapeleka mkono kifuani, upande wa kushoto, akauacha hapo. Nesi alingoja kofi. Alilitaka. Dada alikuwa na kofi la haraka, lisilo na kinyongo, na lingemwambia Nesi kwamba bado yeye ni wa nyumba ile. Lakini Dada alikuwa anatazama mlango.

"Msusi je?"

"Sijui, Dada. Pengine chake si kibaya. Pengine..."

"Nimemlisha mtoto wa watu vitamini." Hapo sauti yake ikapasuka. "Kwa mkono wangu huu. Nimemwambia asiende. Mimi!"

"Kosa ni langu."

"Najua ni lako! Nani kakuambia si lako?" Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mimi ni ndugu yako. Ungenidanganya mimi peke yangu, ningekutukana, ningelia, tungemalizana humu humu ndani. Yule ni mtoto wa watu, Nesi. Aliinua mikono nyumbani kwangu akaniamini."

"Niliogopa. Mkono wako ulikuwa unatetemeka."

"Ulikuwa unatetemeka, ndiyo. Si ungeuacha utetemeke?"

Nesi alilia kwa sauti, kama alivyokuwa analia utotoni, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni Dada hakuja kumfuta machozi. Alikuwa anatafuta viatu.

Walimkuta Msusi uani kwake anaanika mashuka. Akaanza kutania kutoka mbali, akaona nyuso zao, akaacha. Dada alimsukuma Nesi mbele kwa ncha ya kidole, vile vile alivyokuwa akimsukuma zamani akaombe radhi kwa majirani.

"Mwambie. Yote, usipunguze."

Nesi akasema yote: neno la Daktari, neno lake mwenyewe, vitamini, safari isiyokuwapo, na jana yake saluni. Msusi alisikiliza na vibanio vya nguo mkononi. Alipoisikia habari yote hakumtazama Nesi, alimtazama Dada.

"Na wewe umejua lini?"

"Sasa hivi. Sijanywa hata chai."

Msusi akakaa juu ya beseni lililopinduliwa. "Kwa hiyo mimi nina nini?"

"Sijui," Nesi alisema. "Hakuna anayejua mpaka upimwe."

"Basi ungesema hivyo siku ile nilipokuuliza. Nilikuuliza, ukaenda jikoni."

"Ndiyo."

Msusi akaanza kulia bila kelele, mtu ambaye hata kupiga chafya kwake kulisikika mtaa mzima. Dada akaketi kando yake penye maji maji, akamshika begani, na yeye machozi yakamtoka. Nesi alibaki amesimama kati ya mashuka. Hakuna aliyemwambia akae, hakuna aliyemwambia aondoke.

Jumatatu walipanga foleni. Dada alikataa katakata kupitishwa korido ya wafanyakazi, akasema ameshaona njia hiyo inafika wapi. Wakakaa kwenye benchi na watu wengine, Dada na Msusi wamebanana, Nesi mwishoni. Wauguzi wenzake walipita wakishangaa: "Nesi, mbona umekaa hapa? Ingia nao tu." Alitikisa kichwa, akatazama sakafu, akajikuta anaombea simu, moto, mtoto aliyezidiwa, chochote cha kumwondoa pale. Hakuna kilichotokea. Foleni ikasogea.

Daktari mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Alimtambua Dada, uso ukamchangamka.

"Karibu, mama. Habari za safari? Mgonjwa wenu anaendeleaje?"

"Sikusafiri, Daktari," Dada alisema.

Daktari akamtazama Nesi. Nesi alijua kwamba maneno yake anayatunza kwa ajili ya siku nyingine, ofisini, mlango umefungwa. Yatakuwa ya haki yote. Akainuka, akajipangusa gauni, akawa anawafuata ndani kama alivyozoea, ndipo Dada akamgeukia.

"Wewe kaa."

"Kuna maneno magumu, Dada. Nani atakufafanulia?"

"Daktari ana mdomo. Nisipomwelewa nitamwuliza mara ya pili."

Akamkabidhi mkoba wake. Msusi naye, bila kuambiwa, akampa wake. Dada akamshika Msusi mkono, wakaingia, mlango ukafungwa.

Nesi alikaa na mikoba miwili mapajani. Mlango ule alikuwa ameupita mara zisizo na idadi, hajawahi hata kubisha hodi. Alisikia sauti ya Daktari, nzito, ya pole pole. Alisikia Dada akiuliza swali, kisha akiliuliza tena, na akatega sikio lakini hakuambulia neno. Alijua alichokuwa akiambiwa. Kukata na kuondoa. Alikuwa amemfundisha mwenyewe, sakafuni, akishona vifungo, na leo Dada alikuwa anaambiwa ni titi lake, na aliyemshika mkono ni mtu aliyefahamiana naye kwa ajili ya magauni. Mahali pale palikuwa pa Nesi. Alikuwa amepapoteza kwa neno moja.

Walipotoka macho ya Dada yalikuwa mekundu lakini mgongo umenyooka. Msusi alikuwa ameshikilia pamba kifuani chini ya blauzi.

"Umekua," Dada alisema, akichukua mkoba wake. "Daktari anasema si mchezo tena, lakini bado anaweza kuukata. Alhamisi. Anasema laiti angeniona mapema." Hakusema neno hilo kwa hasira, alilisema tu, likakaa pale kati yao.

"Na changu wametoa kipande," Msusi alisema. "Majibu nimemwambia Daktari asimpe mtu. Nitayafuata kwa miguu yangu."

Nesi alimrudishia Msusi mkoba wake, akawatazama wote wawili. "Alhamisi nitaomba ruhusa, Dada. Nitakuwa nawe tangu asubuhi. Ukitoka chumba cha upasuaji nitalala kwenye kiti pembeni yako. Hawatanizuia, wote wananijua."

"Hapana," Dada alisema. Akaufunga mkoba wake, akamshika Msusi kiwiko, wakaanza kuondoka. Baada ya hatua kadhaa akasimama, akageuza kichwa, na sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Utakuja saa za kuona wagonjwa, kama watu wengine."

Nesi akafungua kinywa aseme kwamba yeye si watu wengine, kisha akakifunga.